OutRun 2 na farasi wa kuazima

Kati ya mwaka 2010 na 2011, gemu ya magari ya OutRun Online Arcade iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni ya PlayStation 3 na Xbox 360. Ilikuwa imeingia sokoni mwaka 2009 tu. Haikuwa na kasoro ya kiufundi, hakuna aliyeishtaki, na waliokwisha kuilipia waliendelea kuicheza kama kawaida. Kilichokwisha ni mkataba. Leseni ya Sega, kampuni ya Japani iliyokuwa na gemu hiyo, ya kutumia magari ya Ferrari yenye nembo ya farasi ilifika ukingoni, na bila leseni hiyo hawakuruhusiwa kuuza nakala hata moja zaidi.

Gemu hiyo ilikuwa tawi la mwisho la OutRun 2 ya mwaka 2003, ambayo kwa maoni yangu ndiyo muendelezo bora kuliko yote iliyotoka kwenye gemu za magari za mashine za sarafu, zile za kumbini. Kinachonivutia katika kisa chake ni kwamba kitu kilichoipa sura ndicho kilichoitoa dukani. Lakini Sega hawakuwa wajinga. Walipiga hesabu iliyokuwa sahihi kabisa kwa mwaka 2003, na ikaja kuharibika baadaye, biashara ya gemu ilipobadilika miguuni mwao.

Turudi kwanza kwenye chanzo. Out Run ya kwanza ilitoka mwaka 1986, kazi ya Yu Suzuki na kikosi chake ndani ya Sega. Kabla ya kuitengeneza alikwenda Ulaya, akachukua gari Frankfurt na kuzunguka nalo kupitia milima ya Alps, pwani ya kusini mwa Ufaransa na Monaco mpaka Italia, akikusanya picha za mandhari njia nzima. Monaco ndiko alikoiona Ferrari Testarossa ikipita, na hapo gari la gemu likawa limepatikana. Kurudi Japani, yeye na wenzake wakamtafuta mtu mwenye gari la aina hiyo, wakalipiga picha kila upande na kurekodi mlio wa injini yake.

Ruhusa ya Ferrari hawakuwa nayo. Miaka ile watu wengi wa gemu hawakulisumbukia jambo hilo: unachora gari jekundu linalofanana, hulitaji jina, maisha yanaendelea. Na kuna kichekesho ndani yake. Gari la Out Run ni Testarossa isiyo na paa, ilhali Ferrari hawakuwahi kuiuza Testarossa ya hivyo kwa umma. Moja tu rasmi ilitengenezwa, ya rangi ya fedha, kwa ajili ya Gianni Agnelli, bwana mkubwa wa Fiat, kampuni iliyokuwa ikiimiliki Ferrari. Kwa hiyo kijana wa Tokyo au Chicago mwenye sarafu mfukoni alikuwa akiendesha gari ambalo tajiri wa kawaida asingeweza kulinunua.

Muundo wa gemu yenyewe unahitaji kueleweka, maana ndio ulioamua hatima ya miendelezo yote iliyofuata. Kuna hatua 15, ila safari moja inapita tano tu. Mwisho wa kila hatua barabara inagawanyika mara mbili: shika kushoto au shika kulia. Njia panda ziko nne, kwa hiyo njia zote ni 16, nazo zinaishia sehemu tano tofauti. Ukilichora hili kwenye karatasi utaona jambo zuri. Mwisho wa pembeni kabisa unafikika kwa njia moja tu, unaofuata kwa njia nne, na wa katikati kwa njia sita. Anayeamua papo kwa papo bila mpango, mara nyingi ataangukia katikati. Anayetaka pembeni lazima awe ameamua tangu njia panda ya kwanza na ashikilie hapo hapo mpaka mwisho.

Na hakuna wa kushindana naye. Malori na magari madogo yaliyomo barabarani ni ya watu wanaoendelea na shughuli zao. Adui ni saa. Kabla ya kuondoka unachagua wimbo kwenye redio ya gari, mmoja kati ya mitatu iliyotungwa na Hiroshi Kawaguchi: Magical Sound Shower, Passing Breeze au Splash Wave. Pembeni yako amekaa mwanamke wa nywele za dhahabu. Ukigonga nguzo gari linabiringika na ninyi wawili mnarushwa barabarani. Safari ikienda vizuri, dakika kama tano au sita zinakwisha na unatafuta sarafu nyingine.

Hiyo ndiyo ilikuwa mali ya Sega: matembezi ya kujidai, baharini upande mmoja, bila msimamo wa pointi wala kombe la ligi. Sasa tazama walivyoishughulikia. Turbo OutRun ya mwaka 1989 iliihamishia safari Marekani, kutoka New York hadi Los Angeles, ikaongeza kitufe cha kasi ya ziada, ikaleta mpinzani anayeweza kukunyang'anya yule mwanamke, na ikaziondoa njia panda zote. Barabara ikawa moja, ya kunyooka. Ukiicheza leo inakimbia kwelikweli, na baada ya mara mbili hujui kwa nini urudi. OutRunners, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilizirudisha njia panda na kuruhusu watu wengi kucheza kwa pamoja kwenye mashine zilizounganishwa, lakini kwa magari ya kubuni na utani mwingi wa katuni. Mimi naipenda, ila ni sherehe, na Out Run ilikuwa matembezi. Nyingine zilizobeba jina hilo kwenye mashine za nyumbani tuziache zilipo.

Mpaka hapo ungesema jina limekwisha. Kisha, mwaka 1999, Suzuki akatoa F355 Challenge, gemu ngumu ya kuiga uendeshaji halisi, yenye skrini tatu zinazomzunguka dereva, na safari hii kwa leseni kamili ya Ferrari. Suzuki mwenyewe alikuwa na F355. Ninaona hapo ndipo OutRun 2 ilipozaliwa hasa, kabla mtu hajaandika mstari hata mmoja wa programu, kwa sababu mlango wa Ferrari ulikuwa umeshafunguliwa na waliokuwa ndani walishajua kwamba huyu bwana analiheshimu gari lao.

Mwaka 2003 ukumbi wa mashine za sarafu haukuwa ule wa 1986. Gran Turismo ilishawafundisha watu kwamba gemu ya magari ni ukusanyaji wa mamia ya magari na kupima gia. Sega wenyewe walikuwa wametangaza mwaka 2001 kwamba wanaachana na Dreamcast na biashara ya kutengeneza mashine za nyumbani. Hata ubao wa kompyuta uliobeba OutRun 2, ulioitwa Chihiro, ulijengwa juu ya Xbox ya Microsoft. Miaka michache nyuma ungemwambia mtu kwamba mashine ya Sega ukumbini itakuwa Xbox ndani, angekucheka.

Katika hali hiyo AM2, kikosi cha ndani ya Sega, kilifanya uamuzi wa kishupavu: kikarudi kwenye mchoro wa 1986 karibu neno kwa neno. Hatua 15. Safari ya hatua tano. Njia panda nne. Miisho mitano. Redio kabla ya kuondoka, na nyimbo za Kawaguchi zikapigwa upya, huku Mwingereza Richard Jacques akishiriki kwenye muziki mpya. Gari jekundu lisilo na paa, na mwanamke kiti cha pembeni. Safari inaanza ufukweni penye minazi. Baada ya hapo unaweza kujikuta kwenye ziwa, kwenye theluji, kwenye msitu wa mizuka, na ukamalizia kwenye bustani ya maua ya tulip au kwenye magofu ya kale. Mandhari hayaungani kwa mantiki yoyote ya ramani, na wala hujali.

Kilichobadilika ni namna gari linavyokunja kona, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo gemu nzima ilipo.

Unakuja kwa karibu kilomita 300 kwa saa na kona inafunguka kushoto. Unaachia mafuta, unagusa breki kidogo tu, mguso mmoja, huku ukikata usukani, halafu unakanyaga mafuta tena. Mkia unatoka. Gari sasa linakwenda kwa ubavu, pua likiangalia ndani ya kona, magurudumu yakilia, na wewe huna haja ya kuogopa chochote: kasi haipungui kama ungetarajia, na drifti hiyo unaweza kuibeba muda mrefu kuliko sheria yoyote ya fizikia ingekuruhusu. Kazi yako ni kuulea usukani, unaurudisha kidogo, unauongeza kidogo, huku ukipita kati ya lori na basi kwa ubavu. Kona ikigeuka upande wa pili, unaurusha mkia kushoto bila kunyooka katikati. Mtu ambaye hajawahi kugusa gemu ya magari anaweza kujifunza hili kabla safari yake ya kwanza haijaisha. Lakini kulifanya kwa usafi, bila kupoteza hata kilomita tano, kunataka muda mwingi. Rahisi kuingia, ndefu kuimaliza: watu wa mashine za sarafu wanautafuta mchanganyiko huo tangu mashine zianze.

Ukilinganisha na F355 Challenge ya mtu yule yule, utaona kwamba hii haikutokana na kutojua. Walijua gari halisi linafanya nini. Walichagua gari la ndoto liwe jingine.

Magari yalikuwa manane, yote ya Ferrari, kila moja kwa jina lake: Dino 246 GTS, 365 GTS/4 Daytona, 288 GTO, Testarossa, F40, F50, 360 Spider na Enzo. Kuna namna ya kucheza ya kawaida, ya kukimbizana na saa kwa rekodi, na ile ambayo abiria wako anatoa maagizo njiani: hapa nipigie drifti, hapa yapite magari yote, hapa usiguse kitu. Ukimridhisha mioyo inajaa kwenye skrini. Leo kijana atasema ni mambo ya kizee, na kweli yule mwanamke hana kazi nyingine zaidi ya kushangilia dereva. Lakini kimchezo lilikuwa wazo la akili sana, kwa sababu liliipa barabara ileile sababu mpya ya kuendeshwa bila kuleta ligi wala kombe.

Mwaka uliofuata, 2004, gemu ikaja kwenye Xbox ya nyumbani. Kazi ilipewa Sumo Digital ya Sheffield, Uingereza, kampuni iliyokuwa imeanzishwa mwaka 2003. Kwa juu juu ilionekana kazi nyepesi, kwani Chihiro ni ndugu wa Xbox. Tatizo lilikuwa kumbukumbu. Chihiro ilikuwa na kumbukumbu nyingi zaidi na ilipakia gemu yote ndani kabla ya kuanza, wakati Xbox ina megabaiti 64 na inasoma kutoka kwenye diski inayozunguka taratibu. Njia panda zikawa mtihani: mashine haijui utashika wapi, na mandhari mapya lazima yawepo mbele yako bila gari kusimama kungoja. Sumo waliliweza hilo, picha 60 kwa sekunde, na juu yake wakaongeza rundo la majukumu mafupi ya kumaliza moja baada ya jingine. Wakaficha pia ndani yake njia kutoka Scud Race na Daytona USA 2, gemu mbili za Sega ambazo hazikuwa zimewahi kutoka nje ya kumbi za sarafu. Mpaka leo naona hiyo ndiyo zawadi kubwa kwenye diski ile.

Mwaka 2006 ikafuata OutRun 2006: Coast 2 Coast, kwenye PlayStation 2, PSP, Xbox na kompyuta. Hii ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kutufikia huku kwetu, maana PlayStation 2 ndiyo iliyojaa kwenye vibanda vya gemu. Ila ukweli usemwe: kibandani unalipia mpira. Mtu wa kuingia na diski ya magari wakati foleni ya mechi imefika mlangoni, alikuwa anatafuta ugomvi.

Sasa turudi kwenye leseni.

Mwaka 2003, leseni ya kampuni ya magari ilikuwa mkataba wa kutengeneza. Unaunda mashine zako, unachapa diski zako, muda ukiisha unaacha kuchapa. Mashine zilizokwisha kuuzwa zinabaki kwenye kumbi, diski zinabaki madukani na majumbani, zinauzwa mkono kwa mkono mpaka zichakae. Gemu haitoweki kwa siku moja. Kwa hesabu hiyo, kuichukua nembo ya Ferrari lilikuwa jambo la maana. Ilimaliza utata wa mwaka 1986, ilimpa mtu sababu ya kusogelea mashine ukumbini, na ilizipa zile drifti za uongo uzito fulani; hisia ya kuichezea F40 haiwezi kulingana na kukichezea kigari kisicho na jina.

Duka la mtandaoni halifanyi kazi hivyo. Pale hakuna shehena iliyochapwa ikalala kabatini. Kila anayebonyeza kununua anatengenezewa nakala mpya, kwa hiyo kila mauzo yanahitaji leseni iliyo hai siku hiyo hiyo. Mkataba ukifa saa sita usiku, saa sita na dakika moja huna bidhaa. OutRun Online Arcade ilikuwa gemu ya duka la mtandaoni peke yake, haikuwa na diski ya kubaki nyuma. Ndiyo maana mtoto wa mwisho wa ukoo aliondoka ghafla kabisa, wakati kaka zake wa 2004 na 2006 bado wanapatikana kwa wauza mitumba.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa OutRun 2 msemo huu naukubali nusu, kwa sababu ile nguo ilisitiri vizuri sana kwa miaka kadhaa, na ilipendeza.

Na Sega hawakuwa peke yao, wala hii haikuwa mara yao moja. Daytona USA ilibeba jina la uwanja wa mbio wa Florida, na mwaka 2009 Sega walipotaka kuirudisha kwenye kumbi walilazimika kuiita Sega Racing Classic. Daytona USA 2 nayo ilipofika nyumbani mwaka 2023, ikiwa imechomekwa ndani ya Like a Dragon Gaiden, ilikuja kwa jina la Sega Racing Classic 2. Upande wa Microsoft, Forza Horizon 4 iliondolewa sokoni Desemba 2024, kwa ajili ya leseni za namna hiyo hiyo. Gemu za magari zinakufa mapema kuliko ndugu zake, na sababu mara nyingi ni karatasi.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Ipo moja iliyothibitishwa na Sega wenyewe. M2, kampuni ya Japani iliyobobea kuzihamisha gemu za zamani, ilipoileta Out Run ya 1986 kwenye Nintendo 3DS kama 3D Out Run, ilibadilisha umbo la gari lile jekundu ili lisiwe Ferrari tena. Mabadiliko madogo ya taa na mkia. Nimeicheza nikiwa nalitafuta kosa, na baada ya kona ya tatu nilikuwa nimeshasahau. Minazi ipo, redio ipo, njia panda zipo.

Lakini nisiifanye iwe rahisi kuliko ilivyo. Ile ya 1986 ni gari moja, limechorwa kwa picha bapa, na muda wote unaliona kwa nyuma. OutRun 2 ina magari kadhaa yaliyojengwa kwa pande zote, majina yake yakiwa kwenye menyu na kwenye majukumu. Kuyabadilisha yote ni kazi ya miezi na mishahara, na anayelipa anataka kujua zitauzwa ngapi. Kosa ninaloliona ni la mapema zaidi, na ni la mwaka 2009 kuliko 2003. Waliochukua gemu iliyojengwa kwa mkataba wa mashine na diski wakaipeleka kwenye duka lisilo na ghala, ndio waliopaswa kuuliza siku ya mwisho ya mkataba ni ipi, na kuandaa seti ya magari yasiyo na mwenyewe kabla haijafika. Wakati ule kazi ingekuwa ndogo, kwa sababu watengenezaji walikuwa wameshika faili mkononi na gemu yenyewe ilikuwa ya bei nafuu, iliyopunguzwa ikabaki na kiini chake.

Sumo wenyewe nadhani walilielewa. Mwaka 2020, wakiwa na Lucky Mountain Games, walitoa Hotshot Racing, gemu ya drifti ndefu na rangi kali, ambayo magari yake yote ni ya kubuni. Ukiishika unaijua damu ilikotoka. Naye msanidi wa Slipstream ya mwaka 2018 alikwenda mbali zaidi: njia panda, drifti, machweo, na gari ambalo hakuna wakili wa Maranello, makao ya Ferrari, atakayelipigia simu.

Anayeitaka OutRun 2 yenyewe leo anabaki na diski ya mtumba. Ya Xbox ya 2004 ina zile njia za Scud Race, ila inadai mashine ya zamani iliyo hai. Ya kompyuta ya 2006 ni chaguo la busara zaidi, kwani mashabiki wametengeneza programu ndogo za kuifanya ikae vizuri kwenye skrini pana za sasa na kompyuta mpya. Ukiipata, nenda moja kwa moja kwenye safari ya hatua tano, chagua Testarossa na Splash Wave, na kwenye njia panda ya kwanza shika kulia. Ni kugumu zaidi huko, na utaishiwa muda.